Shamba la Marehemu

Salimu alipokufa nilikwenda Makorora kuhani, na sitadanganya kwamba nilikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu mkewe, Bi Zuhura, hajanikosea kitu maishani mwangu, na kwa sababu katika umri wangu mtu asipoonekana msibani, watu huanza kuulizana kama naye bado yupo. Nikakalishwa mkekani sebuleni, karibu na pazia la chumba alimokaa eda Bi Zuhura. Wanawake walikuwa wanamsifu marehemu, upole wake, mwandiko wake mzuri, Kizungu chake cha zamani. Nikanywa kahawa yangu. Siku ya nne akaja kijana wa serikali ya mtaa, amebeba karatasi zake kwenye ubao mdogo. Alivua viatu mlangoni, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akatoa pole kama inavyopasa. Kisha akasema anaandikisha wenye nyumba za mtaa ule kwa ajili ya hati, na akamuuliza mjukuu wa Salimu, msichana wa miaka kama ishirini aliyekuwa anazungusha vikombe: nyumba hii ni ya nani? Msichana akainamisha macho, kwa adabu. Nilijua atakachojibu kabla hajafungua mdomo. Nikakiweka kikombe chini, kahawa ikanimwagikia kwenye kanga.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado ni maneno ya kunong'onezwa, na sisi tulikuwa tunakaa upande wa Moa, karibu na mpaka, mimi na shangazi yangu, Bi Mwanakombo, na mumewe, Bwana Bakari. Mbele yetu ilikuwa mikoko, nyuma yetu mkonge, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Katikati, kama kipande cha nguo kilichosahauliwa na fundi, lilikuwa shamba letu. Nasema letu kwa mazoea ya sasa. Wakati ule kila mtu alijua linavyokaa: ardhi ilikuwa ya shangazi, ameirithi kwa baba yake, minazi ilikuwa ya Bwana Bakari, kaipanda kwa mikono yake alipokuja kuoa kutoka Vanga. Hiyo ndiyo desturi ya kwetu. Mwenye kupanda ana mti wake, mwenye udongo ana udongo wake, na wawili hao wanaweza kulala kitanda kimoja miaka thelathini bila mmoja kumla mwenzake. Mnazi mmoja tu haukuwa wa Bwana Bakari wala wa shangazi. Ulikuwa wangu, kwa kuwa chini yake kilizikwa kitovu changu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda kuusalimia, na shangazi ananicheka.

Salimu, mtoto wa jirani zetu aliyesoma, alikuwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu. Kila mwisho wa juma alikuja nyumbani kwao kutoka Tanga mjini, na shati lililopigwa pasi hata kwenye mikono. Kwao walikuwa wameshaleta barua ya posa, nasi tulikuwa hatujajibu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kukaa barazani kwetu mradi shangazi yupo. Hapo ndipo alipokuwa ananifundisha Kizungu. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa esteti. Mkonge wote ule wa meneja, alisema, ni esteti. Mtu akifa, vitu alivyoacha, navyo ni esteti. Na kule mjini serikali inajenga nyumba za makarani, zimepangwa safu moja kama meno, nazo pia zitaitwa esteti, na Mungu akipenda yeye na mkewe watakaa humo. Alilisema hilo akiniangalia chini kwa chini. Shangazi, aliyekuwa anakuna nazi, akamuuliza kama hao Wazungu ni maskini wa maneno kiasi hicho, maana sisi tuna shamba, tuna kiwanja, tuna mirathi, tuna milki, na kila kimoja kina mwenyewe. Salimu akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa yeye kacheka. Nikikumbuka kicheko kile naona aibu mpaka leo.

Bwana Bakari alikufa kabla ya mvua za masika, kwa homa ya siku tano. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikufa vivyo hivyo, bila wasia na bila mtoto. Shangazi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi: shuka nyeupe, hakuna wanja, hakuna kioo, hakuna kutoka nje. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja dogo lililoelekea shambani, lakini kwa heshima alikifunga kibao chake, kwa hiyo akawa anakaa gizani na harufu ya mbata, nazi kavu zilizokuwa zimepangwa darini. Mimi ndiye niliyekuwa mikono na miguu yake. Namletea maji, namletea bada la muhogo na mchuzi, napokea wageni, natoa majibu.

Siku ya pili ya msiba jirani mmoja aliomba sufuria kubwa la kupikia. Nikamwambia achukue lile la shangazi, jikoni. Jirani alipoondoka, shangazi akaniita nyuma ya pazia. Hakunipandishia sauti, hakuwa na desturi hiyo. Alinishika mkono akasema, "Mwantumu, nyumba ya msiba haina changu. Mpaka mie nitoke, kila kilichomo humu ni cha marehemu. Sufuria, mkeka, kuku, hata shuka niliyojifunga. Watu wasije wakasema mume hajapoa tunagawana." Nikamwambia, "Naam, shangazi." Nikaishika kauli ile kwa nguvu zangu zote. Mtu akiniuliza kuku wa nani, ni wa marehemu. Mkeka wangu mwenyewe, niliousuka mwenyewe, nikawa nauita wa marehemu. Wanawake wakawa wanamwambia shangazi kupitia pazia kwamba kalea, na mimi navimba kichwa.

Sasa, meneja wa mkonge alikuwa na haja na ile ardhi muda mrefu. Alitaka kupitisha reli yake ndogo, ile ya matoroli, ili marobota ya katani yafike kwenye hori la bahari bila kuzunguka, na shamba letu lilikuwa limekaa katikati. Mara mbili alimwendea Bwana Bakari, na Bwana Bakari alimjibu kwamba minazi anaweza kuizungumza, lakini ardhi amuulize mkewe. Meneja alidhani anafanyiwa mzaha. Mzungu yule alikuwa hajapata kumuona mtu mwenye mti asiyekuwa na mahali mti ulipo. Bwana Bakari alipokufa, siku ya kumi na tisa, tukaambiwa Bwana Shauri atakuja kuuliza habari za shamba na kuziandika.

Shangazi alinitayarisha asubuhi ile kwa makini sana. Alinitajia mipaka: kutoka kisimani mpaka mkwaju, kutoka mkwaju mpaka jiwe la chumvi, kutoka jiwe la chumvi kurudi kwenye kaburi la babu. Alinitajia majirani wa pande zote nne na baba zao. Alinifanya niyarudie mara tatu. Hakunifundisha la kujibu nikiulizwa shamba ni la nani, kwa kuwa haikumjia akilini kwamba yupo mtu duniani asiyejua.

Walikaa barazani. Bwana Shauri kwenye kiti, meneja kwenye kiti, jumbe wetu kwenye mkeka, pamoja na Bwana Athumani, ndugu yake marehemu, aliyetoka Vanga kwa ajili ya msiba na alikuwa hajaondoka. Salimu alikuwa amesimama na daftari. Mimi nilikaa kizingitini, nimejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, na nyuma yangu, hatua nne, nyuma ya pazia, alikuwa shangazi. Nilimsikia akipumua. Nilitarajia kuulizwa mipaka. Bwana Shauri akasema jambo fupi, na Salimu akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili safi, shamba hili ni la nani?

Nikasema, "La marehemu."

Salimu hakuandika. Akaiinua kalamu, akanitazama usoni, jambo ambalo halikumstahili mbele ya watu, akaniuliza tena, taratibu. "Una hakika, Mwantumu? La marehemu?" Nami nikaona ananipima. Huyu ndiye anayetaka kunioa, nikawaza, anataka kuona kama nina malezi. Nikainua sauti ili na wale wa mbali wasikie. "La marehemu," nikasema. "Kila kilichopo hapa ni cha marehemu."

Akaandika. Jumbe alikuwa anatazama makubadhi yake. Jumbe yule alimjua baba yake shangazi. Alikula wali siku ardhi ile ilipogawanywa. Angeweza kusema neno moja. Bwana Athumani akakohoa, akauliza kwa unyenyekevu kama ni kweli kwamba marehemu hakuacha mtoto. Ni kweli, akajibiwa. Hakuna aliyeniuliza mipaka. Ile mipaka yote niliyoikariri, mpaka leo ninayo, na hakuna wa kumpa.

Walipoondoka nikaingia chumbani. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Nilimuuliza kama amesikia, akasema kasikia. Nilimuona amefumba macho, kama mtu anayefanya hesabu ya jambo refu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Sikuelewa yote, nilielewa kiasi cha kunitosha. Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Shangazi, mie nilijibu vile ulivyonifunza." Akafumbua macho, akanivuta nikakaa karibu naye, akanifuta uso kwa ncha ya shuka yake. "Umejibu vizuri," akasema. "Ndivyo nilivyokulea." Bora angenipiga. Kofi lingepona.

Yaliyotokea baadaye ni mepesi kueleza. Kwa kuwa shamba limesemwa ni la marehemu, lote, miti na udongo, likaingia kwenye mirathi yake. Mjane asiye na mtoto ana robo. Iliyobaki ikamwendea ndugu, na ndugu alikuwa ameshakubaliana na meneja kabla wino haujakauka. Ile robo ya shangazi wakaichagua wao wenyewe: kiwanja cha nyumba na kisima, bila mnazi hata mmoja. Bwana Athumani alikuja kuaga. Alisimama barazani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani kwamba yeye hakuomba kitu, yeye kapewa. Na kweli alipewa. Nilimpa mimi.

Nilimwendea Salimu mjini. Nilipanda lori la katani na mama mmoja mtu mzima ili nisiwe peke yangu, nikamngoja nje ya ofisi mpaka adhuhuri. Alinipeleka kivulini, akasema kuna siku za kupinga zimewekwa, hazijaisha, lakini anayepinga ni mwenyewe, aje kwa miguu yake aseme kwa mdomo wake. Nikamwambia yuko eda. Akasema anajua. Nikamwambia basi aongeze yeye mwenyewe neno kwenye karatasi yake, kwani yeye amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ardhi ile ya nani asijue yeye? Alitazama huku na huku. "Mimi nilitafsiri ulichosema," akasema. "Sikupunguza wala sikuongeza." Alikuwa anajisifu, nadhani. Ndivyo walivyomfundisha, kutopunguza na kutoongeza, na yeye akawa mwanafunzi mzuri kama nilivyokuwa mimi. Tulikuwa watoto wawili wenye adabu, na kwa adabu yetu tulimaliza mji wa watu. Barua yake ya posa niliirudisha juma lile lile, na kila kilichokuja nayo.

Shangazi nilimwambia yote. Nikamsihi atoke siku moja tu, aende mjini arudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nimtoke mume wangu kwa ajili ya udongo?" Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, nikamuuliza kama dini ina njia yoyote kwa mjane mwenye shida, akaniambia kwa ukali kwamba eda ni eda, na wasichana wa siku hizi wameanza kusikiliza maneno ya mjini. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kukaa mbele ya mwalimu mwingine, mzee wa Nguvumali, akanieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, kwamba mjane mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana akatazame jambo lake, mradi arudi kulala nyumbani. Nilimuomba aniambie tena. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Mwalimu wetu wa kwanza, sijui kama alikuwa hajui au alikuwa anajua. Ninachojua ni kwamba siku zile alikuwa anakula chakula cha mchana pamoja na Bwana Athumani.

Miti waliikata mwezi wa tatu wa eda. Walikuja manamba kutoka kambini, watu wa bara, waliotumwa tu, na kabla ya kuanza mmoja wao alikuja mlangoni kuomba radhi na maji ya kunywa. Nikampa. Shangazi alikuwa chumbani, dirisha limefungwa. Mnazi hauanguki kama mti mwingine. Husikii kuvunjika, unasikia upepo, kisha mshindo mmoja, na ardhi inatikisika mpaka vikombe vinalia kwenye kabati. Baada ya mshindo wa kwanza shangazi alisema, "Huyo wa kisimani." Nikatoka nikatazama, ni kweli, ni ule wa kisimani. Nikarudi. "Huyo ndiye aliyepandwa mwaka wa harusi yetu," akasema baada ya wa pili. Siku nzima, na siku ya pili, na ya tatu, alikuwa ananitajia. Huyo mwenye madafu matamu. Huyo aliyepigwa na radi akapona. Hakukosea hata mmoja, na hakutoa chozi, maana machozi ya mumewe alikuwa ameshayalia na ya udongo hakutaka kuyachanganya nayo. Siku ya tatu alasiri ukaja mshindo, akakaa kimya. Nikamuuliza huyo ni yupi. Akanishika kichwa akakilaza pajani pake kama mtoto. "Huyo wako," akasema.

Juma lile nilikisikia kilio changu mwenyewe na nikakichukia. Nilipika mchuzi wa chukuchuku, kwa sababu nazi za darini zilikuwa zimekwisha. Shangazi aliuonja, akasema umekolea chumvi vizuri. Tangu azaliwe alikuwa hajapata kununua nazi. Siku alipotoka eda, alipokwisha kuogeshwa na kuvikwa nguo mpya, wanawake walitaka kumpigia vigelegele, akawazuia. Akaenda mlangoni, akasimama akitazama. Reli ilikuwa imeshatandikwa, inang'aa. Akasema, "Kumbe bahari iko karibu hivi," kwa kuwa miaka yote minazi ilikuwa inaiziba. Hakusema neno lingine juu ya shamba lile, siku hiyo wala siku nyingine. Tulihamia Nguvumali, Tanga mjini, chumba cha kupanga, yeye akishona kofia na mimi nikiuza vitumbua, akafa akiwa anawaambia watu kwamba mimi ndiye mtoto aliyemlea akaleleka.

Salimu nilianza kuonana naye tena utu uzimani, baada ya kumuoa Zuhura na kuacha kazi. Tulisalimiana, tulizikana. Mara moja tu, kwenye arusi ya mtu, alinisogelea akaniambia, "Mwantumu, nilikuuliza mara mbili." Nikamwambia najua. Alikuwa anataka nimwambie hana kosa, nami sikumwambia. Esteti zake hakuzipata. Nyumba ya Makorora aliyofia hakuijenga yeye, alikuwa ameshaishiwa. Aliijenga Zuhura, kwa maandazi na mkaa, tofali baada ya tofali, na mtaa mzima ulimuona akibeba mchanga kichwani. Salimu alihamia ndani ya nyumba ya mkewe na kitanda na redio. Aliacha watoto wakubwa kwa mke wa kwanza, aliyemtaliki kabla ya kumuoa Zuhura, na siku ile ya nne walikuwa wamekaa barazani, wamenyoosha miguu, wanamsikiliza yule kijana wa karatasi kwa masikio yote.

Msichana akafungua mdomo. "Ya mare..."

"Si ya marehemu," nikasema. "Ni ya huyo mwanamke aliyeko ndani."

Sebule nzima ikanigeukia. Nimekaa kwenye misiba mingi na sijapata kuona macho kama yale. Mwanamke mmoja akafyonya. Mmoja wa wale wanawe wa barazani akainuka, akauliza bibi huyu ni nani anayegawa mali ya watu na kaburi halijakauka. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Zuhura, ndogo, ya aibu: "Mwantumu, nyamaza. Tuko msibani, nyumba haina changu." Maneno yale yale. Nilidhani yamekufa na shangazi.

"Sinyamazi," nikamwambia. Nikamgeukia yule kijana. "Andika. Nyumba ya Zuhura. Majirani wako hapo nje, waulize nani alibeba mchanga."

Akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu, ili anijue. Nikamwambia si ndugu wala si jamaa, mimi ni mtu aliyepata kuulizwa swali hilo zamani. Hakuelewa, na hakuwa na haja ya kuelewa. Alitoka akauliza majirani, akarudi, akaandika, na hakuna aliyenishukuru. Mimi na magoti yangu tukainuka polepole mpaka ubavuni pake, nikamwambia anisomee alichoandika. Akanisomea. Nikamwambia asome tena.